Viatu vya Mwalimu wa Fasihi

Wiki ya kwanza ya kidato cha tatu, mwalimu wetu wa fasihi aliichukua rula yangu mezani, akaikagua kama mtu anayechagua muhogo sokoni, akaitia kwenye mkoba wake na kuendelea kufundisha. Kengele ilipolia akageuka mlangoni.

"Mtu wa Handeni," alisema, "rula yako nimeiteka. Ikomboe."

Nilisimama wima. "Samahani, Mwalimu. Sitarudia tena."

Alinitazama kitambo, kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba anayosikia watu ndani na hakuna anayeitika. Halafu akaondoka, visigino vya viatu vyake vikigonga baraza, ko, ko, ko, mpaka ofisini.

Mwenzangu wa dawati, msichana wa Kwashemshi aliyecheka kila kitu, hata uji wa shule, aliniinamia.

"Hutarudia nini?"

"Sijui."

"Basi umejifunga vizuri, mbuyangu. Hutarudia kitu usichokijua."

Mbuyangu ni rafiki yangu kwa lugha ya kwao, na kwa lugha ya kwetu pia, lakini jinsi alivyolitamka ilikuwa kama ananipa pole ya kufiwa.

Muda wote wa kujisomea jioni ile niliutumia kutafuta kosa la rula. Ilikuwa na doa la wino upande mmoja. Jina langu juu yake lilikuwa limepinda kidogo. Niliamua kosa ni doa. Jumamosi nikaenda dukani Manundu kununua nyingine, nikaiosha kwa sabuni kabla ya kuitumia, nikaandika jina langu kwa herufi zilizonyooka kama askari wa gwaride. Jumatatu akaiteka na hiyo.

"Ikomboe."

"Samahani sana, Mwalimu."

Sitaki kujisingizia wendawazimu, lakini lazima mjue nilivyo. Nayaandika haya nikiwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, bado kijana, na hadi leo rula naziosha. Nikiona neno limekatwa katikati ya ukurasa, nauandika ukurasa wote upya. Ukurasa wa kwanza wa kumbukumbu hizi umeshawasha moto wa chai mara kadhaa. Hofu yangu haikuwa ya kuchapwa. Ilikuwa ya kuonekana nimekosea, na mbele ya mtu anayejua.

Na kwenye fasihi nilijiona nina cha kujivunia, kwa sababu nilijifunza mwenyewe. Shule ya msingi ya kwetu Handeni haikuwa na vitabu vya hadithi. Kilichokuwepo ni karatasi za magazeti ambazo mwenye duka alifungia sukari na chumvi. Nilizikusanya, nikazikung'uta sukari, nikazisoma nikiwa shambani kwetu nafukuza nyani kwenye mahindi. Hadithi ya kwenye karatasi ya sukari ina mwanzo au ina mwisho, haina vyote viwili. Sehemu iliyokosekana niliitunga mwenyewe, kwa sauti, nyani wakinisikiliza kwa mbali. Niliwaua wahusika niliotaka, nikawaozesha niliotaka. Hapakuwa na wa kunisahihisha.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni Korogwe nilikuta vitabu vyenye mwanzo na mwisho, vimeshonwa kabisa. Nikaona basi, kazi yangu ya kutunga imekwisha. Wenye kujua wameshamaliza. Nilipata maelezo ya dada mmoja aliyemaliza kidato cha nne, nikayakariri yote pamoja na vituo vyake. Nilifikiri hiyo ndiyo fasihi: kumeza bila kutapika.

Mwalimu hakufikiri hivyo. Alikuwa mwanamke mrefu wa gauni la kitenge na viatu vya kahawia vyenye visigino na bizimu ubavuni, viatu alivyoving'arisha hata siku za vumbi. Mumewe alifanya kazi stesheni, nao walikaa Manundu karibu na reli. Kiswahili chake kilikuwa kile cha taarifa ya habari, hakina harufu ya mahali popote. Miaka ile tuliimba kila asubuhi kwamba sote ni ndugu, na kumuuliza mwalimu kabila lake kulikuwa kama kumuuliza amevaa nini ndani. Kwa kuwa alivaa vizuri na kusema vizuri, tulikubaliana bwenini kwamba ni mtu wa pwani. Ubishi uliobaki ulikuwa Tanga au Pangani.

Siku moja alituuliza kwa nini mama katika hadithi tuliyokuwa tukisoma alikataa kumfungulia mwanawe mlango. Nilinyoosha mkono, nikamwaga aya nzima ya yule dada wa kidato cha nne, bila kukosea hata neno.

"Nani kasema hayo?" Mwalimu aliuliza.

"Mimi, Mwalimu."

"Wewe? Hiyo sauti ni ya mtu aliyestaafu. Au kwenu Handeni watoto huzaliwa wazee, kwa kungoja mvua?"

Darasa likacheka. Yule wa Kwashemshi alicheka mpaka akashika dawati.

"Fasihi si klorokwini," Mwalimu akaendelea, "kwamba unameza chungu na kushukuru. Haya, nijibu."

Nilimjibu. Nilisema samahani.

Kuanzia hapo akawa haniachi. Kalamu yangu ilitekwa. Kifutio kilitekwa. Mwenye duka wa Manundu aliniuliza kwa huruma, "Binti, hivi rula mnazila huko bwenini?" Ikitokea mvua, Mwalimu ananiuliza kama kwetu huwa wanaipelekea barua ya mwaliko. Ikitokea jua, ananiambia nijisikie nyumbani. Kubwa kuliko yote aliitoa siku tuliyokuwa tukisoma juu ya wageni na ukarimu.

"Watu wa Handeni tunawajua," alisema, akinikazia macho. "Babu zangu walipita kwenu na mizigo kichwani, wana kiu, mkawauzia maji kwa ushanga. Kikombe kimoja, ushanga mmoja. Una la kusema?"

Sikuwa na la kusema. Lakini nilikuwa na la kuandika. Nilidhani babu zake walikuwa wafanyabiashara wa Pangani, na kwamba kweli ukoo wetu uliwakosea. Niliandika insha ndefu ya kuomba radhi. Nilieleza ukame wa nchi yetu, kina cha visima, na ugumu wa kuchota. Nilihitimisha kwa kuahidi kwamba kizazi cha ujamaa hakitauza maji tena. Niliinakili upya mara nyingi mpaka kidole kikaota sugu, nikaiweka mezani kwake pamoja na barua yangu ya heshima.

Ilirudi siku ya pili. Hakuwa amesahihisha chochote. Alichora tu alama moja ya kuuliza kwa wino mwekundu, kubwa kama mpini wa jembe.

"Umeandika nini humu?" mwenzangu aliuliza. Alipoisoma aliiweka chini polepole. "Mbuyangu, umemwomba msamaha kwa niaba ya kisima?"

Muhula wa pili ulipoanza Mwalimu aliniita ofisini. Vitabu vya kidato cha nne vilikuwa haba, na mwisho wa mwaka angechagua nani anaendelea na fasihi. Wengine wangepelekwa somo la upishi. Niliyajua hayo. Nilikuwa nimeshaota nikikoroga uji mbele ya mkaguzi.

"Nimewaona wote," alisema. "Yule wa Kwashemshi anaandika ovyo, lakini nikisoma namwona. Wewe sijakuona. Nasoma daftari lako naona dada fulani, naona mtu mwenye miwani, wewe humo sikuoni. Nikikuona kabla hatujafunga shule, utabaki. Nisipokuona, wapishi nao ni watu."

"Nifanye nini ili unione, Mwalimu?"

"Hilo nalo unaniomba nikuandikie?"

Nilitoka ofisini. Nilikuwa tayari kufanya lolote sahihi, na hakuna aliyekuwa akiniambia lililo sahihi ni lipi.

Nafasi ikaja kwa njia niliyoichukia. Kila mwaka shule ilipeleka darasa moja kusaidia kijiji cha ujamaa, na mwaka ule darasa letu lilipangiwa kuchuma pamba Handeni. Kijiji chenyewe kilikuwa chetu. Mwalimu akatangaza kwamba jioni, kabla ya lori kurudi, kila mmoja atasimama mbele ya wanakijiji asimulie hadithi aliyoipata kwa wazee wa kwao, bila karatasi. Wenzangu walishangilia safari. Mimi sikushangilia. Hadithi haikunitisha, hadithi nilikuwa nayo. Nilimwogopa Bibi.

Bibi yangu, mama yake baba, hakuwahi kuogopa mtu mwenye elimu. Aliniita mke mwenzangu mbele ya yeyote. Likizo iliyopita nilimwomba anisimulie hadithi ya fisi aliyekwenda kuposa, nikakaa naye jikoni siku kadhaa nikijaribu kuiweka sawa.

"Bibi, jana fisi alikuwa na mke mmoja."

"Leo kaongeza."

"Lakini ipi ni sahihi?"

"Sahihi ya nini? Fisi mwenyewe hajalalamika."

"Na jana alipita mtoni. Leo umempitisha mlimani."

"Jana miguu ilikuwa inaniuma, ningempandishaje mlima?"

Mwishowe nilichagua fisi mmoja, mke mmoja, mto mmoja, nikakariri. Hata pale pa kupumua nilipakariri.

Basi lori likatushusha kijijini asubuhi, tukaingia kwenye pamba. Sitasema mengi juu ya pamba, ila kwamba inachoma vidole na kwamba yule wa Kwashemshi aligeuza kila gunia kuwa kiti. Mchana tuligawanywa kula kwenye nyumba za wanakijiji. Zilikuwa nyumba mpya, zimepangwa mstari kama madawati, na mwenyekiti wa kijiji alizionyesha kwa fahari kana kwamba amezizaa. Akampeleka Mwalimu nyumbani kwetu, kwa sababu kwetu kulikuwa na kiti.

Mwalimu hakukitaka kiti. Alivua viatu vyake mlangoni, akaketi mkekani, mimi na mwenzangu tukaketi pembeni. Bibi alileta bada, ugali wetu wa muhogo, na kisamvu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Kwenu wapi?"

Mwaka mzima darasa zima lilikuwa limejizuia kuuliza hilo, na Bibi alilitoa hata kabla ya kunawa mikono.

"Tabora, bibi," alisema Mwalimu.

Bibi aliweka chini bakuli la kisamvu. "Tabora ya kuhamia au ya kuzaliwa?"

"Ya kuzaliwa. Mnyamwezi wa baba na mama."

Bibi alinyanyuka, yeye ambaye magoti yake hulalamika hata akienda kuswali, akainama mlangoni, akaokota viatu vya Mwalimu, akavipangusa kwa upindo wa kanga, akatumbukiza miguu yake ndani. Vilikuwa vikubwa. Akatoka navyo uani, akapita mbele ya mstari wa nyumba, ko, ko, ko, mikono kiunoni, shingo imenyooka kama Mwalimu mwenyewe akikagua usafi.

"Jamani, njooni! Mpagazi wangu kaja! Kaniletea viatu kutoka Tabora, na wala hajaomba kupumzika!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona somo la upishi likinikaribia na mwiko mkononi. Mwalimu akasimama, peku, akatoka nje. Nilifumba macho.

"Wewe bibi wa Kizigua!" sauti yake ikapaa, na haikuwa tena ya taarifa ya habari, ilikuwa na mwendo na kicheko ndani yake. "Vua viatu hivyo kabla havijaambukizwa njaa! Babu yangu alinunua kikombe cha maji hapahapa kwa ushanga, na kikombe chenyewe kilikuwa na chura!"

"Chura alikuwa kitoweo!" Bibi alijibu bila hata kugeuka. "Mlikula, mkashiba, mkaanza kulalamikia bei!"

Wanawake wakatoka majumbani na vigelegele. Mmoja akamnyang'anya Mwalimu mkoba. Mwalimu akamnyang'anya yeye mchi wa kutwangia. Mwenyekiti alikuja mbio, jasho linamtoka.

"Ndugu zangu! Ndugu! Mambo ya makabila tulishayaacha, tuko kwenye ujamaa!"

"Huu si ukabila, mwanangu," Bibi alimwambia. "Huu ni undugu, na ulikuwepo kabla kijiji chako hakijapigwa hata mstari wa kwanza. Kaa ule."

Mwenyekiti akakaa akala.

Aliyekulia Handeni ameshajua kosa langu tangu rula ya kwanza, na naamini amekuwa akinicheka muda wote huu. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara iliyopita nchini kwetu ikienda pwani. Mtani anaweza kukutukana, kukupora na kukukalia kitini, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Una kazi moja tu, kumjibu. Akiteka kitu chako, unakikomboa kwa neno lenye makali kuliko lake. Nilikuwa nimewaona watani matangani nikiwa mtoto, wakiigiza mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wanacheka kabla ya kujua wanacheka. Lakini nilidhani utani unakaa huko matangani, na wazee. Haikunijia kwamba unaweza kuvaa kitenge, ukashika chaki na kuniuliza habari za mama aliyekataa kufungua mlango.

Waliporudi mkekani wakihema, Mwalimu alinisemea.

"Bibi, huyu mjukuu wako nimemchokoza mwaka mzima. Nimemtekea rula, kalamu, kila kitu. Nimemtukania mvua. Unajua ananijibu nini?"

"Anakujibu nini?"

"Samahani."

Bibi aligeuka akanitazama kwa uchungu ambao sikuwahi kuuona, hata mwaka ule ghala lilipoungua.

"Mke mwenzangu. Kweli?"

"Bibi, sikujua ni Mnyamwezi."

"Na insha akaniandikia," Mwalimu aliongeza, bila huruma. "Ya kuniomba radhi kwa ajili ya maji."

Bibi akajifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika. Nilidhani nimemliza. Alipojifunua machozi yalikuwa kweli yanatiririka, ila alikuwa akicheka hata sauti haitoki. Yule wa Kwashemshi alikuwa amelala chali zamani.

Wakati wa kunawa mikono Mwalimu aliniambia, taratibu, kwa sauti yake ya darasani:

"Nilidhani unanidharau. Mtu wa Handeni asiyenijibu, nikasema huyu ananiona si wa kujibiwa."

"Mimi nilidhani unanichukia, Mwalimu."

"Ningekuchukia ningekurudishia rula." Akakung'uta maji mikononi. "Lakini shauri letu liko palepale. Bibi yako nimemwona. Wewe bado."

Jioni tulikusanyika kwenye ghala la kijiji, wanafunzi juu ya magunia ya pamba, wanakijiji mlangoni na chini. Wenzangu walisimulia. Yule wa Kwashemshi alisimulia ya sungura aliyejifanya mgonjwa wakati wa kulima, akamwonyesha kwa kujilaza juu ya gunia lilelile alilolilalia mchana kutwa, na wote walioona kazi yake shambani wakacheka kwa sababu zao.

Ikaja zamu yangu. Bibi alikuwa mlangoni, viatu bado miguuni. Nilianza vizuri sana. Fisi mmoja, mke mmoja. Nilipumua palipopangwa. Fisi alikuwa ndiyo kwanza anafika mtoni wakati Mwalimu alipopaza sauti kutoka kwenye magunia:

"Simama hapo! Hadithi hiyo ni yetu. Mmeiokota njiani, ilidondoka kwenye mzigo wa babu yangu."

Kicheko. Kisha wote wakanigeukia. Sentensi yangu iliyofuata ikapotea. Niliitafuta kichwani nikakuta peupe kama pamba. Kitu pekee kilichokuwa tayari ni samahani, tena ilikuwa imeshafika kwenye meno. Nilimwona Bibi ananyanyua mguu mmoja na kuugonga chini. Ko.

"Kilichodondoka kwenye mzigo wa babu yako haikuwa hadithi, Mwalimu," nilisema. "Ilikuwa rula."

Ghala likalipuka. Mwenzangu alipiga mluzi. Na mimi, niliyesikia sauti hiyo kama ya mtu mwingine, sikuweza tena kurudi kwa fisi wa mke mmoja. Njia ilikuwa imekatika nyuma yangu. Basi nikaenda mbele. Nilisema huyu fisi, mnayemwona mtoni, alikuwa ametoka mbali magharibi, na mzigo wa chaki kichwani. Alikuwa fisi mrefu, wa viatu vya kahawia. Kila nyumba aliyopita aliomba maji, na akishapewa maji aliondoka na kitu cha mwenye nyumba.

"Kama nini?" Bibi aliuliza.

"Kwanza kalamu. Halafu kifutio. Halafu akaona mvua imening'inia kwetu, ilikuwa tayari kunyesha, akaiteka na hiyo. Ndiyo maana hatuna."

"Uongo!" Mwalimu alipaza sauti. "Mvua yenu iliwakimbia yenyewe, ilisikia mnavyoimba!"

"Ilikukimbia wewe, Mwalimu, ilidhani utaisahihisha."

Sikusimulia vizuri. Nakiri, na bado inaniuma. Mke wa fisi nilimsahau kwenye mto, sikumrudia tena. Mahali fulani nilimwingiza sungura, nikampoteza, mpaka wanafunzi wakapiga kelele, "Sungura yuko wapi?" nami nikajibu, "Yuko kwenye pamba, anachuma! Mnadhani kila mtu analala juu ya magunia?" Mwenyekiti alipiga makofi kwa hilo. Nilirudia neno moja mara nyingi mno. Sikujua mwisho, na hakuna mtu ghalani aliyeujua, na nikawa nahisi kitu nilichokuwa nimekisahau tangu zile karatasi za sukari: kwamba pale hadithi ilipokatika palikuwa pangu.

Nikampeleka fisi mpaka Korogwe, akajenga Manundu karibu na reli. Nyumba yake ikajaa rula. Zikajaa chini ya kitanda, zikajaa darini, zikajaa mlangoni, hata siku moja akaamka akakuta hawezi kutoka. Akachungulia dirishani, akaanza kuwaita wapita njia: nikomboeni! Na wapita njia wote, kwa bahati mbaya, walikuwa watu wa Handeni.

"Wakamwambiaje?" Mwalimu aliuliza. Alikuwa amesimama.

"Wakamwambia samahani."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na cha Mwalimu ndicho kilichokuwa cha mwisho kunyamaza. Hata hivyo hakunisifu wala hakutikisa kichwa. Alikwenda mlangoni kudai viatu vyake, maana lori lilikuwa limeshawashwa.

"Bibi, haya, nimekuja kukomboa." Alimpa kitambaa chake cha kichwa.

Bibi alikipokea, akajifunga. "Hiki ni cha bizimu tu. Viatu bado."

"Nitavikomboa lini?"

"Utavikomboa matangani kwangu. Uje uigize mwendo wangu nikiwa nimevivaa."

Mwalimu alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile alichelewa kidogo kujibu. "Basi vitaniozea, bibi. Nyie wa huku hamfi, mnakauka tu."

Wakakumbatiana. Mwalimu akapanda lori peku. Njia nzima hadi Korogwe aliweka miguu juu ya gunia, na mimi sikuthubutu kumtazama. Mwenzangu alilala begani kwangu. Kabla ya kulala alisema, "Umemsahau mke wa fisi."

"Najua."

"Afadhali. Usingejua, ningedhani umekufa."

Jumatatu hatukusikia ko, ko, ko barazani. Mwalimu aliingia na ndala za mpira, tukashtuka akiwa tayari mbele yetu. Akafungua kitabu kana kwamba hakuna lililotokea, akauliza lilelile swali: kwa nini yule mama alikataa kufungua mlango? Akanitazama mimi.

Maelezo ya yule dada yalikuja yenyewe, yamejipanga. Niliyaacha yapite.

"Mimi naona alitaka kufungua," nilisema. "Naona alisimama nyuma ya mlango akingoja mwanawe aseme neno jingine tofauti na samahani. Lakini mwandishi hakumpa mtoto neno hilo, na naona hapo mwandishi kakosea."

Kumkosoa mwandishi aliyechapishwa, mwenye mwanzo na mwisho! Mwalimu alinibishia. Alisema mlango ule si wa mtoto, ni wa baba. Nikambishia. Akanibishia tena, akaita wengine, wakagawanyika, na kipindi kikaisha tukiwa bado tunagombana. Tangu siku ile sijaweza kusoma kitabu kimyakimya. Vitabu vinanichokoza, vinateka vitu vyangu, na zamani nilikuwa naviomba radhi.

Kengele ilipolia Mwalimu alikuja kwenye dawati langu. Alitoa kwenye mkoba kitabu cha kidato cha nne, kipya, bado kina harufu ya gundi, akakiweka mbele yangu. Nilikishika. Hakukiachia.

"Kikomboe," alisema.

Tulikishika pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu, darasa zima likitazama. Nilijaribu majibu mawili matatu kichwani, nikaona yote yana kasoro, kisha nikasema la kwanza lililofika mdomoni.

"Mwalimu, umefika. Mpagazi akifika hutua mzigo."

Akakiachia. Rula zangu hakunirudishia hata moja, na viatu vyake, mpaka leo ninapoandika, Bibi bado anavivaa akienda kuchota maji.